Dereva wa Pili

Kazi yangu ni kulala. Usicheke. Nalala kwa niaba ya mtu mwingine, mchana kweupe, na nikilala vizuri tenki la petroli linapita mizani bila kuguswa. Nikikosa usingizi linasimama hapo hapo lilipo, hata kama lilipo ni katikati ya mlima. Hiyo ndiyo akili ya wakubwa zetu, sikuitunga mimi.

Nyumba ninayolalia ni ya Mama Tuntufye, hapa Isangala, mji ulio chini ya Mlima Ngwalanje. Zamani ilikuwa ghala la mahindi. Sasa kuna vitanda vya chuma safu kwa safu, mapazia meusi, na watu wazima waliojilaza saa tano asubuhi wanakoroma, kila mmoja na bangili mkononi. Kila bangili ni lori. Mwalimu mstaafu aliye kulia kwangu ni semi-trela ya saruji. Yule binti mjamzito kule ukutani ni kontena la dawa za hospitali. Mimi ni tenki la Ambokile, mdogo wake marehemu mume wangu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimejigeuza kidogo tu, jicho moja limefunguka, nikamwona Afisa Gwamaka anapita kati ya vitanda na kishikwambi chake. Ni mkaguzi wa Jimbo. Huja kila wiki kukagua mahali pa mapumziko ya madereva, maana nyumba yetu imesajiliwa hivyo. Anainua shuka, ananusa. Anavuta chandarua kuona kama kina tundu. Akiridhika anakaa mezani pa Mama Tuntufye na kunywa chai kwa maandazi. Hajawahi kuuliza hata siku moja kwa nini madereva wa malori humu ndani ni bibi, mwalimu wa hesabu na msichana mwenye mimba ya miezi saba.

Akanikuta natazama. "Lala, mama," akaninong'oneza kwa upole, kama muuguzi. "Unapunguza kijani."

Humu ndani watu wote hunong'ona. Ukipaza sauti, unaweza kusimamisha nusu ya mizigo ya Jimbo.

*

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mtu wa nje hawezi kuamini.

Shirikisho lilitunga kanuni za usalama wa malori. Zilitungwa mji mkuu, pwani, kwenye barabara iliyonyooka kama meza ya kulia chakula. Kanuni zilisema kila lori kubwa liwe na madereva wawili: mmoja anaendesha, mwenzake analala kwenye kile kitanda cha nyuma ya viti, kisha wanapokezana. Anayepumzika anavaa bangili. Bangili inasoma moyo wake na ubongo wake, haidanganyiki kwa kufumba macho, na inapeleka habari kwenye kidubwasha kilichochomelewa kwenye injini, kinaitwa Kufuli. Kufuli likiona kuna mtu anayelala, gari ni la kijani, linakwenda. Likiona hakuna anayelala, linazima injini na kubana magurudumu yote.

Kwa maneno tu, kanuni nzuri. Nani anataka dereva mwenye usingizi? Ila waliozitunga walisahau kuandika jambo moja, kwamba anayelala awe ndani ya lori lenyewe. Waliona halina haja ya kusemwa. Watu waliosoma sana huwa na ugonjwa huo, wanadhani kila mtu ana aibu kama wao.

Jimbo letu likaambiwa liridhie kanuni hizo neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, au likose fungu la barabara. Baraza likakaa. Liliridhia sura zote kati ya chai na chakula cha mchana, "Ndiyooo!" moja ya nguvu, kisha wakaenda kula kuku. Neno kwa neno kweli. Ndiyo maana leo ukifika juu ya Ngwalanje, kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio, penye mizani, utakuta kibao kikubwa cha Jimbo: JIHADHARI NA MAJI KUJAA. Bahari yenyewe hatujawahi kuiona, lakini kanuni inadai kibao, na kibao kipo.

Wenye malori hawakuchukua hata mwezi kuliona lile tundu. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Ngonile, mjumbe wa Baraza, huyo huyo aliyepiga "ndiyo" ya sauti kubwa kuliko wote. Aliwafukuza nusu ya madereva wake, akawaachia waliobaki usukani, na bangili akazileta kwa Mama Tuntufye. Sisi tukapewa leseni za malori. Mimi ninayo, ina picha yangu, na sijawahi kushika usukani hata wa baiskeli. Jimbo lilijua, na likasema linasikitika, lakini kuziba tundu ni kuongeza neno, na kuongeza neno ni kukosa fungu la barabara. Basi tundu likabaki, na sisi tukaingia humo kulala.

Mxiu!

*

Simu ya Mama Tuntufye hailii, hutetemeka kifuani mwake. Kabla ya kuanza kuteremka Ngwalanje, kila dereva humpigia. Tunaita kuulizia. Dereva anasema, "Kalala?" Mama Tuntufye anamtazama mhusika, anajibu, "Kalala," basi, dereva anakata na kuteremka. Hakuna anayethubutu kuteremka bila kuulizia. Wapo wanaosahau kusali, ila kuulizia hawasahau.

Wana sababu. Wakati wa masika mama mmoja humu ndani aliota mwanawe ametumbukia kisimani, akaamka anapiga mayowe. Lori lake lilikuwa mteremkoni, kwenye kona ya tatu, limejaa saruji. Kufuli likabana. Lori zito likibanwa magurudumu kwenye mteremko halisimami, ebo, linalala ubavu na kubiringika. Alikufa dereva, na waliokuwa kwenye gari dogo mbele yake. Taarifa ya Jimbo ikaandika: Kufuli lilifanya kazi ipasavyo.

Sasa simu ikatetemeka. Mama Tuntufye akaipokea, na badala ya kusema "Kalala" akakaa anasikiliza, anacheka kwa puani. Kisha akaja kitandani kwangu akaniinamia.

"Shemeji yako amedata. Anataka kuongea na mumeo."

Mume wangu, Asegelile, tulimzika kabla hata bangili hazijaja. Ambokile mwenyewe alishika jembe kaburini.

Nikachukua simu.

"Shemeji," akasema Ambokile. Sauti yake ilikuwa ya furaha, nyepesi, kama mtu aliyelewa harusini. "Mbona umeamka? Haya, mpe kaka simu. Muulize ng'ombe hawa ni wa nani."

"Ng'ombe gani?"

"Hawa weupe. Wamejaa barabara nzima hapa mizani. Nimewapigia honi mpaka nimechoka, hawatoki."

"Ambokile, uko kwenye foleni ya mizani?"

"Si ndiyo nakwambia. Kuna magari machache mbele yangu. Hawa ng'ombe wakipisha tu, nateremka."

Pale juu hakuna ng'ombe. Hakuna hata majani ya ng'ombe kula, ni mawe matupu na kile kibao chao cha bahari.

"Umelala lini?" nikamuuliza.

Akacheka, kicheko cha kweli, cha kunionea huruma.

"Si unanilalia wewe, shemeji?"

Nikamwambia aweke gari pembeni, alale hata kidogo, ateremke jioni.

"Pembeni?" akasema. "Kiti kikiwa kitupu wanaandika nimelitelekeza gari. Wanasema madereva wawili hawawezi kulala kwa mpigo. Mheshimiwa kaniambia nikitelekeza tena nisirudi. Watoto watakula nini? Wewe lala, shemeji. Kila mtu na kazi yake. Lala, niteremke. Mwambie kaka nampitia."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Bangili mkononi mwangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Mtu akijigeuza au akienda msalani inamvumilia. Akizidisha inatetemeka kama robo saa, na ikishachoka, inafunga gari.

*

Nilishuka kitandani, nikaenda pekupeku hadi mezani kwa Afisa. Alikuwa na andazi mdomoni.

"Afisa," nikamnong'oneza, "piga simu mizani. Walizuie tenki la Ambokile. Mtu anaona ng'ombe wasiokuwepo. Anazungumza na marehemu."

Akafuta vidole kwa leso, akagusa kishikwambi chake. "Tenki la Mheshimiwa Ngonile? Hili hapa. Kijani."

"Sijakuuliza rangi. Nakwambia huyo mtu hajalala tangu bandarini."

"Mama, kuna dereva wa pili aliyepumzika."

"Dereva wa pili ni mimi! Niko mbele yako, nimevaa kanga!"

"Taratibu, utawaamsha," akasema, na macho yake yakaenda kwenye vitanda. Kisha akaanza kunieleza kama mtoto. "Gari la kijani ni gari salama. Kuzuia gari salama ni kosa, kifungu kipo. Nikiwapigia mizani wakalizuia, mimi ndiye nitakayeshtakiwa, na mwenye gari unamjua."

"Na wanyama barabarani? Si mna kifungu cha wanyama barabarani?"

Akafikiri. Wallahi alifikiri! "Kipo," akasema. "Lakini kinahusu wanyama waliopo."

Nilimtazama kijana yule, kola safi, kucha safi, ana adabu zake zote. Mtu mbaya ungemchukia ukamaliza. Huyu hakuwa mbaya. Alikuwa kama sahani ya bati, umwekee ubwabwa au umwekee kinyesi, atakipokea vile vile na kuuliza kama kuna kingine.

"Na akiteremka akaua watu?"

"Tutachunguza," akasema.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio. Barabara ya Ngwalanje ikimaliza kona zake inanyooka moja kwa moja hadi katikati ya gulio letu, kati ya wauza viazi na wauza mitumba. Hakuna njia nyingine, maana kuchepusha barabara nako kungehitaji ruhusa ya Shirikisho. Kutoka mezani pale nilisikia watu wakipatana bei huko nje.

Mama Tuntufye alikuwa amefika, amenishika mkono wenye bangili. "Rudi kitandani, mama Ipyana. Ukikaa macho itafunga yenyewe, na itamkuta kashaingia mlimani. Utamuua kwa mkono wako."

Hapo alisema kweli, na ndipo nilipoona jambo lilipo. Kungoja kusingefaa. Kulala kulikuwa kumruhusu ateremke. Njia ya tatu ilikuwa moja tu, kuivua. Bangili ikivuliwa, Kufuli linabana papo hapo. Nikiivua sasa, bado yuko kwenye foleni, mahali pa tambarare, tenki litasimama na basi, hakuna atakayeumia. Ila kuvua bangili gari likiwa safarini ni jinai. Mimi jela. Ambokile leseni kwaheri, maisha yake yote. Nyumba ya Mama Tuntufye kufungwa, na kila aliyelala humu kurudi alikotoka, yule binti na mimba yake, Mwalimu na presha yake.

Na yote hayo kwa nini? Maana huenda angefika. Hilo ndilo lililokuwa likinitafuna. Wameteremka wangapi hivyo hivyo, macho mekundu, wanaimba ovyo, wakafika chini salama na kuagiza supu? Ambokile mwenyewe mara ngapi? Ningeivua, angekuja kuniambia, "Shemeji, ningefika," na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumbishia. Ajali ambayo haikutokea haina ushahidi. Ningekuwa mwanamke aliyeharibu maisha ya watu kwa ajili ya ng'ombe.

"Nakuomba," Mama Tuntufye akanong'ona. Alikuwa na machozi kweli, si ya kuigiza. "Hawa hawana kwingine. Mimi sina kwingine. Ambokile ni dereva mzuri."

"Ni mzuri akiwa macho."

"Mungu atamwangalia."

"Mungu aliwapa hata wale wa Baraza macho ya kusomea," nikamwambia, "na wakaenda kula kuku."

Nikaanza kufungua kishikizo. Akanirukia. Sijui kama umewahi kuona wanawake wawili watu wazima wakipigana bila kutoa sauti. Alinishika nywele, mimi nikamsukuma kwenye ukuta, tukazungushana kati ya meza na birika kama wachawi, na kila mmoja anahema kwa mdomo uliofumbwa ili wasiamke wengine. Aliniuma bega. Sikulia. Afisa Gwamaka alisimama na kikombe chake, akatugeuzia mgongo.

"Mimi sijaona kitu," akanong'ona akiangalia ukuta.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Niliuma meno, nikavuta, bangili ikatoka pamoja na ngozi ya kiganja.

*

Kishikwambi kikawa chekundu mezani. Hapo ndipo Afisa alipoona. Mbele ya rangi yule mtu hakuwa na la kufanya.

"Umevua," akasema.

"Gari limesimama?"

"Limesimama."

"Wapi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi. "Wapi nini?"

"Limesimama wapi! Mizani au mlimani?"

"Mahali hapaonyeshwi," akasema. "Mahali ni siri ya biashara ya mwenye gari. Wenye malori waliomba, Shirikisho likakubali. Sisi tunaona rangi."

Ala! Mlolongo wa magari mbele yake ulikuwa mrefu kiasi gani? Sikuuliza, na hata ningeuliza, mtu anayeona ng'ombe angenihesabia ng'ombe. Huenda walikuwa wameshampisha. Huenda alikuwa keshaingia kona ya kwanza wakati mimi nikibishana na kola safi kuhusu wanyama waliopo na wasiokuwepo. Nilipiga simu. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Haikupokelewa.

Nikafunua pazia jeusi kidogo, nikatazama juu. Ngwalanje ilikuwa imejifunika ukungu kuanzia kiunoni, huwezi kuona barabara. Nikatafuta moshi. Moshi wa petroli ni mweusi, ungeonekana hata kwenye ukungu. Mama Tuntufye alikuja akasimama pembeni yangu, kilemba kimemvuka, naye akatazama. Chini gulioni muuza viazi mmoja alikuwa anamtania mteja wake na watu wanacheka. Nilimwomba Mungu kwa majina yote niliyofundishwa, na mengine nikayabuni.

Nyuma yetu Afisa alikuwa anaandika. Nilisikia kidole chake kinagonga kioo, tik, tik, tik. Aliniuliza kwa heshima kama niliivua kwa mkono wa kulia au wa kushoto, maana kuna kisanduku cha kujaza.

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Mbwa wewe!"

Ilikuwa sauti ya Ambokile, imepasuka. Furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Umefanya nini? Gari limekufa hapa puani mwa mlima, tairi za mbele zimeshavuka mstari wa kuanzia mteremko! Watu wa mizani wamenizunguka, wamenivuta chini kama mwizi! Wananiuliza dereva wa pili yuko wapi, niwaambie nini? Mchawi mkubwa! Ulimmaliza kaka yangu, sasa umenimaliza mimi! Watoto wangu nitawaleta wale kwako, utawalisha hizo bangili! Ningefika! Unasikia, ng'ombe wewe? Ningefika!"

"Nasikia, shemeji," nikasema.

"Usiniite shemeji! Mwanamke mlaaniwa, mwenye roho ya..."

Akaendelea. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na Ambokile hakunichagulia. Alinitukana mimi, akamtukana mama yangu, akanitukania na wa ukoo ambao hawajazaliwa. Alikohoa, akavuta pumzi, akaanza upya. Nilimsikia akipumua. Nilisikia upepo wa juu ukipiga simu yake, na mtu wa mizani akimwambia atulie. Nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, damu ya kiganja inadondoka kwenye kanga, machozi yananitiririka mpaka mdomoni. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Endelea," nikamwambia. "Sema lingine."

Afisa Gwamaka alichuchumaa mbele yangu, kishikwambi gotini, akaninong'oneza nimtajie majina yangu matatu.

"Subiri kwanza, baba," nikamwambia. "Naongea na shemeji yangu."